Siku Tulizomtua Mpagazi Mzigo

Baba alipopooza upande wa kulia, nilifunga saluni yangu ya Kutus nikarudi nyumbani Naro Moru kumtunza. Nilikuja na kiti cha saluni, kioo kikubwa na godoro langu. Nilijua kazi itakuwa kumwogesha, kumpikia na kumtembeza uani mpaka mguu ukumbuke kazi yake. Hakuna aliyeniambia kwamba nitakuwa pia askari wa watu wa simiti.

Watu wa simiti ndivyo majirani walivyoziita sanamu za baba. Shamba letu linateremka kutoka barabara ya kwenda mlimani hadi kwenye kijito, na katika mteremko huo, mahali mama alipokuwa akipanda viazi enzi za uhai wake, wamesimama zaidi ya ishirini. Kuna mwanamke aliyebeba kuni mgongoni. Kuna fundi wa baiskeli aliyechuchumaa kando ya gurudumu. Kuna ng'ombe anayemlamba ndama wake. Lakini wengi ni wapagazi, wale wanaowabebea watalii mizigo kupanda Mlima Kenya. Baba mwenyewe alifanya kazi hiyo karibu maisha yake yote. Magoti yalipoukataa mlima, alikaa nyumbani akinuna kwa majuma kadhaa, kisha akachukua simiti iliyobaki tulipojenga tangi la maji, akakunja nondo, akazungushia waya wa kuku, akapaka simiti juu yake mpaka akatokea mtu. Mama alimuuliza huyo ni wa nini.

"Sijui bado," baba akamjibu. "Lakini nimechoka kutazama viazi."

Hakuna aliyemfundisha. Macho aliyaweka ya mawe meusi ya kijitoni, na meno ya vipande vya vikombe vilivyovunjika. Mikono mara nyingine ilitoka mirefu kupita kiasi. Hata hivyo, mtu wa hapa akipita atakuambia bila kusita, "Si huyu ndiye alikuwa anauza makaa pale stendi?" Na ndiye. Kila mmoja alikuwa mtu ambaye baba alimjua. Mgeni akiuliza, "Hii ni nini?" baba alimrekebisha papo hapo: "Usiseme hii. Sema huyu."

Mwanzoni walikuja majirani tu, na walimu waliowaleta watoto wa shule. Halafu mtu fulani akaweka video mtandaoni, na Jumapili zetu zikabadilika. Magari yalitoka Nyeri mjini, Nanyuki, hata Karatina. Yaliegeshwa mpaka kwenye kabichi za jirani. Baba alikuwa akivaa koti lake, anakaa kwenye kiti cha saluni pale barazani, anawapungia watu mkono wa kushoto kama mgombea wa kura. Hakutaka lango. Hakutaka kamba. Alisema aliwatengeneza waonwe.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiokota vipande Jumapili jioni.

Watoto walimpanda ng'ombe mpaka sikio likakatika. Mtu alimbandika fundi wa baiskeli chingamu mdomoni. Wapenzi wawili walikwaruza majina yao kwa ufunguo kwenye kuni za yule mwanamke. Watu walipenda kusimama karibu kabisa na miguu ya sanamu ili wapige picha, na udongo ukawa unaisha pale chini, vyuma vikaanza kuonekana na kushika kutu. Mama mmoja mwenye heshima zake, kitambaa cha kanisa kifuani, nilimkuta akimng'oa mpagazi jicho kwa kucha. Nilipomuuliza akasema anataka tu kumbukumbu.

"Nitarekebisha," baba alikuwa akisema nikimwonyesha ndoo ya vipande. Kisha anautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nilikuwa bado nasuka nywele pale barazani siku za kazi, maana ni lazima tule. Mchana mmoja msichana niliyekuwa nikimsuka aliinua simu yake mpaka usawa wa macho yangu. "Auntie, hapa si ni kwenu?"

Ilikuwa picha ya kijana aliyevaa miwani ya jua, amemkalia mpagazi mmoja shingoni, miguu ikining'inia kifuani pa sanamu, ulimi nje. Mpagazi mwenyewe nilimjua mara moja. Alisimama chini kabisa karibu na kijito, ameinama chini ya mzigo mkubwa kuliko yeye: hema, masufuria, mtungi wa gesi, gunia, vyote vimefungwa kwa kamba ya simiti. Watu walikuwa wamecheka sana chini ya picha hiyo. Niliziacha nywele za watu nusu nikateremka. Shingo ya mpagazi ilikuwa na ufa mpya, mweupe, kutoka sikio hadi bega.

Kesho yake nilinunua nguzo, waya na mnyororo. Nikamwita fundi, tukaweka lango, nikalifunga kwa kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Baba alikataa uji wangu asubuhi hiyo na iliyofuata.

Jumamosi ikaja harusi. Msururu wa magari yenye riboni ulisimama barabarani, na mpiga picha akaruka chini kabla gari halijasimama vizuri.

"Siz, dakika tano tu. Bibi harusi anataka picha na wale watu wa mlima."

"Tumefunga."

"Ati mmefunga? Lakini tumetoka Nyeri."

"Nimesikia."

Msimamizi wa bwana harusi akaja akiwa ameshika pochi. Nikamwambia airudishe mfukoni. Mwishowe akashuka bibi harusi mwenyewe, ameinua gauni lisiguse matope, macho yameiva kwa uchovu. Akaniangalia, akaangalia kufuli.

"Kwani hapa ni kanisa?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni kwetu."

Walipiga picha barabarani, mlima ukiwa nyuma yao, kisha wakaondoka wakipiga honi. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama kwenye ngazi za baraza, ameegemea fimbo.

"Umefukuza harusi."

"Wangemkalia mtu wako shingoni."

"Ungewaambia wasimkalie."

"Baba, nimewaambia watu wangapi?"

Akafikiri kidogo. "Sasa wale watu wangu wamebaki na nani? Na wewe na kuku."

Iliniuma, lakini sikufungua. Nilikuwa nimeamua. Wengine waliokuja niliwarudisha hivyo hivyo, wenye magari na wenye bodaboda, wenye adabu na wasio nayo. Sikutaka kazi ya kuwachambua.

Kisha, siku ya kazi, asubuhi yenye manyunyu, nilisikia "Hodi" kutoka langoni. Mara moja tu. Nilipotoka nikaona mwanamke anayeelekea uzeeni, sweta ya kijivu, kitambaa kichwani, kiondo begani, viatu vimejaa udongo mwekundu usio wa kwetu.

"Mama, tumefunga," nikamwambia.

"Nimeona. Nitangoja mfungue."

"Hatufungui leo. Wala kesho."

"Ni sawa. Nimetoka Gakindu, siwezi kurudi bila kuingia." Akatandika mfuko wa plastiki juu ya jiwe, nje ya lango, akaketi.

Nikarudi ndani. Nikamwogesha baba, nikampa chai, nikafagia. Nilipochungulia alikuwa bado amekaa pale pale, manyunyu yamemtua kwenye kitambaa kama chumvi. Hakuwa anaangalia simu wala barabara. Alikuwa anaangalia chini kwenye mteremko, kupitia kwenye waya.

Nikatoka tena. "Mama, unatafuta nini hapa kwetu?"

"Nimekuja kumwona mume wangu."

Akatoa simu kwenye kiondo, simu aliyoazimwa na binti yake, akanionyesha. Ilikuwa ile picha. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Si huyu mjinga wa juu," akasema. "Huyu wa chini."

Aliijua kofia. Alikuwa ameifuma mwenyewe, kofia ya sufu yenye vifuniko vya masikio na mistari ya kupinda, na baba alikuwa ameichora mistari ile kwenye simiti mbichi, kwa msumari, mmoja baada ya mwingine. Mumewe alifanya kazi ya upagazi miaka mingi akitokea Gakindu, akirudi nyumbani kusaidia wakati wa kahawa. Alifia mlimani. Mkewe alimzika, akalea watoto, akachuma kahawa, na siku moja binti yake akamwonyesha picha iliyokuwa inawachekesha watu.

Nilivua ufunguo shingoni nikafungua.

Hakuingia mara moja. Alisimama kwenye lango akauliza, "Nipitie wapi?"

Katika wageni wote waliopita pale, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwonyesha ukingo wenye nyasi, mbali na miguu ya sanamu. Alishuka polepole, akitazama anapokanyaga. Kila alipompita mmoja wao aliinamisha kichwa kidogo, kama unavyofanya ukipita mbele ya watu waliokaa. Kiondo alikihamisha kutoka begani akakikumbatia kifuani kisimguse yeyote. Mbele ya mwanamke wa kuni alisimama, akaona yale majina yaliyokwaruzwa, akaguna.

Alipofika kwa mumewe alisimama mbali kidogo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilianza kuhisi niko mahali pasiponihusu, nikataka kuondoka, lakini akaniita.

"Naweza kumshika?"

Miezi yote ile nilikuwa nikipiga kelele watu wasishike. "Mshike, Mama," nikasema.

Akamwekea kiganja shavuni. Akaipapasa kofia. Akauona ufa wa shingo, akaingiza ncha ya kidole ndani, akakitoa haraka kana kwamba ameunguzwa. Ndipo akazunguka nyuma na kuutazama mzigo: hema, masufuria, mtungi, gunia. Aliutazama wote, kipande kwa kipande.

"Amekufa miaka yote hii," akasema, "na bado amebeba?"

Baba alikuwa amefika. Sijui aliuteremka vipi mteremko ule na fimbo moja, peke yake, kwenye utelezi. Suruali ilikuwa na matope magotini.

"Ni wewe ulimtengeneza?" yule mama akamuuliza.

"Ni mimi. Tulikuwa tunabeba pamoja." Ulimi wa baba ulikuwa mzito tangu ugonjwa, ikabidi aseme tena. "Nilikuja mazishi. Tulisimama nyuma, sisi watu wa mlima."

"Uliniuliza kabla umuweke hapa?"

Baba aliichomeka fimbo kwenye udongo. "Sikuuliza," akasema.

"Basi mtueni mzigo."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeomba mlango ufungwe kwa sababu ya baridi. Baba akaanza kujieleza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia habari za siku ile, maana nyumbani hakuwahi kuzisimulia.

"Alikuwa mbele yangu," akasema. "Ukungu ukashuka. Sikuwa namuona yeye, nilikuwa naona tu mzigo wake unayumba mbele yangu. Nikawa naufuata. Kisha sikuuona mzigo. Nikaita. Hivi ndivyo nilimuona mwisho, Mama, na mzigo. Nisingejua kumtengeneza vingine."

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikubadilika.

"Mimi nilimuona mwisho jikoni. Alikuwa amesimama, anakunywa uji, ananiambia paa inavuja pale kwa kuku. Hakuwa na mzigo wowote. Wewe uko na wako wa mwisho na mimi niko na wangu. Sasa nimekuja mbali nikamkuta amebeba mizigo ya watu, na mtoto wa watu amemkalia juu ya hiyo mizigo. Mtueni."

"Nikiukata ataanguka. Chuma ya mzigo ndiyo inashikilia mgongo."

"Wewe ndiye fundi."

Alikataa kuingia ndani kula. Alikunywa chai akiwa amesimama barazani, akasema atarudi kahawa ikipungua shambani, na alipotoka alilifunga lango mwenyewe, akalivuta kuhakikisha limeshika.

Baba alirudi kwenye kiti chake barazani. Nikiwa namenya viazi, akaanza.

"Kazi yangu haikatwi. Yule ndiye mzuri kuliko wote. Angalia ile kamba. Angalia vile masufuria yamekaa. Mimi sitaweza tena kutengeneza kitu kama hicho, na wewe unajua."

"Najua."

"Basi ataelewa."

"Baba," nikasema, "kila mgeni unamwambia aseme huyu, si hii. Kama ni mtu, ana mke. Mkewe amesema."

Asubuhi, nilipomaliza kumvisha, aliniambia nimpelekee kiti chake chini kijitoni. Akaketi mbele ya mpagazi, akaugonga mzigo kwa fimbo hapa na pale, ameinamisha sikio. Kisha akasema, "Lete patasi. Na nyundo ndogo, si ile kubwa."

Mikono yangu ilikuwa imezoea vitana. Nilidhani tutamwita jirani mwenye mashine ya kukatia, naye alikuwa tayari, lakini baba alikataa: mtetemo wake ungeufungua ule ufa na kichwa kingeanguka. Kazi ingefanywa kwa mkono, taratibu, na mkono uliokuwepo ni wangu. Tukaanza kwa kumwegemeza. Nilichimbia magogo mbele na kando, nikamfunga kwa mipira ya tairi kifuani, nikajaza ufa wa shingo kwa simiti mpya, nikamfunika gunia lililolowa. Kwa siku kadhaa baba hakuniruhusu kugusa kitu kingine. "Ngoja ishike," alikuwa akisema. Mimi si mtu wa kungoja. Nilingoja.

Masufuria yalitoka kwanza. Kila pigo la nyundo lilimfanya baba afumbe macho. Baada ya masufuria, hema. Mtungi wa gesi ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia, na ulinipa malengelenge yaliyopasuka na kuota tena. Wateja wangu wa kusuka walilalamika kwamba vidole vyangu vinakwaruza, nikawaambia waende kwa mwingine, nitawaita nikimaliza. Alasiri moja kipande kikubwa kilibanduka ghafla na sanamu nzima ikalia, sauti kavu, tii. Nikaidondosha nyundo. Nilikaa chini kwenye udongo nikasema siwezi, nimeharibu, niite fundi. Baba akaniacha nilalamike mpaka niishiwe. Kisha akasema, "Umemaliza? Angalia chini ya kwapa kama kuna ufa." Nikaangalia. Hakukuwa na ufa. Nikaokota nyundo.

Vyuma nilivikata kwa msumeno wa mkono, na meno ya msumeno yaliisha mara kwa mara. Cha mwisho kilipokatika, niliruka kando. Mpagazi akalala mbele kidogo juu ya yale magogo, kisha akatulia. Hakuanguka.

Lakini hakuwa na mgongo. Pale mzigo ulipokuwa, baba hakuwa amejisumbua kutengeneza kitu. Kulikuwa na waya uliokunjamana, kokoto na matambara.

"Sasa utampa mgongo," baba akasema.

"Sijui kutengeneza mgongo."

"Unaosha wangu kila siku."

Ilikuwa kweli. Kila asubuhi, kwa sabuni na maji ya moto, niliuosha mgongo ule. Niliyajua mabega yake yaliyoinuka, lile la kushoto juu zaidi. Nilizijua zile alama mbili, kama mifereji, zilizochimbwa na mikanda ya mizigo, ambazo nilikuwa nikizipitishia kitambaa bila kuzifikiria. Asubuhi iliyofuata sikuharakisha. Nilipitisha vidole pale nikihesabu uti, na baba akainama, akiniacha nijifunze. Kisha nikateremka nikakoroga simiti na kujaribu. Jaribio la kwanza lilikuwa kama ubao. La pili baba alilibomoa mwenyewe kwa fimbo, simiti ikiwa bado mbichi. Lile lililobaki si zuri sana. Lakini ni mgongo wa mtu aliyefanya kazi, na mifereji miwili ipo.

Mama wa Gakindu alirudi kama alivyosema. Alibisha hodi mara moja. Safari hii nilimfungulia hata kabla hajamaliza neno, na baba akatangulia naye chini, wawili wakitembea kwa mwendo mmoja, yeye na fimbo, mama na kiondo.

Alimzunguka mumewe. Mimi nilikuwa nimesimama kando, mikono nimeificha kwenye aproni kama mwanafunzi anayengoja alama zake. Mpagazi alikuwa bado ameinama, kwa sababu miguu na kiuno hatukuweza kuvinyoosha, ila sasa hakukuwa na kitu juu yake.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Haiya! Sasa anakaa kama mtu ameangusha shilingi."

Baba naye akacheka, kwa ule upande mmoja wa mdomo. Kisha mama akaweka kiganja kwenye mgongo, akakipeleka juu, akakirudisha.

"Huu si mgongo wake. Yeye alikuwa mwembamba."

"Ni wa baba," nikasema. "Ndio pekee ninaoujua."

Akatikisa kichwa akikubali, wala hakutoa kiganja. "Basi utatosha," akasema.

Tulipokuwa tukinywa chai aliniuliza kwa nini lango lina mnyororo. Nikamweleza habari za sikio la ng'ombe, za jicho, za harusi. Nilitarajia aniunge mkono. Yeye kwanza alimaliza kutafuna mkate wake.

"Kama ungefunga mapema, mimi nisingemjua alipo," akasema. "Yule mjinga ndiye alinionyesha. Fungua, msichana wangu. Lakini mtu asiingie kabla hajaambiwa ni nani wako ndani."

Na hivyo ndivyo tunavyofanya. Mnyororo niliutoa. Lango lipo, na mimi niko langoni. Wageni wakija nawaomba waache mabegi barazani, kwa sababu mtu akigeuka na begi mgongoni hajui amegonga nini. Siwaingizi wote pamoja. Wengine wanangoja, na wasiotaka kungoja wanaenda zao. Njia tumeiwekea kokoto na vipande vya ule mzigo uliovunjwa, ili watu wasitafute pakavu kwenye miguu ya sanamu. Kabla hawajateremka nawaambia: huyu aliuza makaa, huyu alitengeneza baiskeli zetu, yule wa chini kabisa alianguka mlimani na mkewe yuko hai na huja. Hapo ndipo sauti hupungua zenyewe. Wengi hurudisha simu mfukoni kwanza, halafu huuliza kama wanaweza kupiga picha. Nawaambia ndiyo, wakisimama njiani. Baba ameruhusu ng'ombe ashikwe, kwa sababu ng'ombe huzoea kushikwa, ila hapandwi. Wapo wanaokasirika. Mzee mmoja aliniambia nimefanya simiti kuwa serikali. Aligeuza gari akaondoka, nikampungia mkono.

Yule kijana wa miwani hajawahi kuja, na picha yake bado inazunguka. Mara nyingine mgeni ananionyesha akicheka, nami namwambia kazi ya yule wa chini, namwambia alikuwa na kofia aliyofumiwa na mkewe, na namuachia simu yake mkononi.

Mwaka huu baba amenifundisha kukunja nondo. Anasema kama najua mgongo, nitajifunza na uso. Nilichagua kuanza na mama anayeuza karoti karibu na stendi, kwa sababu ana namna ya kukaa, goti moja juu, ambayo ningependa ibaki. Nilimwendea nikamuuliza kama nitaweza kumtengeneza. Alinitazama kama nimeshikwa na wazimu.

"Mimi? Nisimame kwako kwa mvua, watu wananiangalia? Aca! Hapana, hata siku moja!"

Nikanunua karoti, nikamshukuru. Nyumbani baba aliniuliza amesemaje, nikamwambia amekataa.

"Sasa?"

"Sasa nitauliza mwingine," nikasema, nikaenda kufunika simiti isilowe.